Land Rover ya vitofali inaruka meno ikikata kona: kosa liko kwenye fremu au kwenye mpangilio wa gia?

Mpwa wa Makorora ameuliza:

Assalaam aleykum wakubwa zangu na wenzangu. Naomba msaada kuhusu gari la vitofali vya LEGO Technic ambalo nimekuwa nikilijenga mwenyewe hapa Tanga kwa miezi minne, bila kitabu cha maelekezo. Vifaa nimevikusanya kidogo kidogo: fungu moja nililipata kwa wauza mitumba, likiwa limechanganyika na wanasesere na vifuniko vya chupa, na mafungu mawili aliniletea shemeji yangu ambaye ni baharia. Kwa hiyo nikisema kifaa fulani sina, msiniambie nikaagize.

Ninaloliiga ni Land Rover Series III ya chesi ndefu, ile ya inchi 109, kwa sababu marehemu mjomba wangu alikuwa nayo moja, akipakia abiria na kabichi kati ya Lushoto na Mombo. Tairi nilizonazo zina kipenyo cha milimita 62.4, na tairi za gari lenyewe, zile za 7.50 kwa rimu ya inchi 16, zinakaribia milimita 800. Ndiyo maana nimefuata kipimo cha moja kwa kumi na tatu. Inchi 109 ni kama milimita 2,769, ambazo ukizigawa kwa 13 unapata 213, na kwa kuwa tundu hadi tundu kwenye boriti za LEGO ni milimita 8, nimeweka nafasi 27 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, yaani milimita 216. Nayasema haya mapema ili asije mtu akaniambia kuwa gari limekaa kama kiberenge.

Mota ni moja, ile ya L, na betri ni sita. Gia ya meno 12 kwenye mota inazungusha gia ya meno 20, kisha propela moja, yaani shafti ndefu, inapita katikati ya chesi ikielekea mbele na nyuma, na kila difu (mkusanyiko wa gia unaoruhusu gurudumu la kushoto na la kulia kuzunguka kwa kasi tofauti) inazungushwa na gia ya meno 12 inayoshika meno yake 28. Mbele na nyuma hazitofautiani.

Gari likienda mbele moja kwa moja halina neno, na hata ubao niliouegemeza kwenye ngazi linaupanda. Taabu huanza ninapokata kona juu ya zulia la sebuleni: gia ya difu ya mbele inaruka meno, tak tak tak, na mara nyingine mota inakwama kabisa. Kwenye vigae vya ukumbini haliruki hata mara moja. Nikasema nilipeleke mahali pagumu zaidi, nikaenda nalo ufukweni Raskazone, na huko kwenye mchanga likakata kona zote kwa utulivu, jambo lililozidi kunichanganya. Nimeimarisha fremu ya difu ya mbele mara mbili kwa boriti na pini ndefu, na kweli sasa ya mbele hairuki tena. Inayoruka ni ya nyuma.

Je, niendelee kuimarisha, au kuna kosa la msingi ambalo silioni? La pili, ambalo ni dogo, ni kwamba magurudumu yangu ya mbele yanakunja kwa pembe ileile kushoto na kulia, na jirani yangu mmoja ananiambia kwamba si sahihi.

Mwalimu wa Chumbageni amejibu:

Waaleykum salaam, mdogo wangu. Nimefurahi kwamba umetaja idadi ya meno, kwa sababu wengi huandika tu kwamba gari halitembei kisha wakanyamaza.

Nilianza kwa kushuku kwamba uwiano wa mbele na wa nyuma haulingani, lakini kwa maelezo yako unalingana, na kama usingelingana gari lingelia hata likienda moja kwa moja. Kisha nikaishuku mota. Uwiano wako kutoka mota hadi gurudumu ni 20 kwa 12 ukizidisha na 28 kwa 12, ambao ni karibu 3.9. Tuseme gari lina uzito wa kilo moja na nusu na ubao wako una mwinamo wa nyuzi 20: magurudumu yatahitaji msokoto wa kama Ncm (nyutoni-sentimita) 16, na ukigawa kwa 3.9 mota inabaki na mzigo wa takriban Ncm 4, ambao mota ya L inaumudu bila kuhema. Kwa hiyo nguvu unayo, tena mota ikikwama huwa inatoa msokoto mkubwa zaidi ya ule ambao gia ya meno 12 inaweza kuustahimili.

Ndiyo maana jicho langu limeishia kwenye fremu. Gia mbili zinazokutana kwa pembe mraba zina tabia ambayo gia zilizolala sambamba hazina: zikipata mzigo, meno yao yaliyochongwa mshazari hutaka kusukumana mbali kwa kufuata urefu wa ekseli zao. Ekseli ya plastiki ikiwa imeshikwa upande mmoja tu hujipinda kidogo, meno yakaachana, na hapo ndipo unaposikia tak. Hakikisha kwamba gia ya meno 12 ina boriti mbele yake na nyuma yake, kwamba hakuna nafasi hata ya nusu bushi (ile pete ndogo ya kuzuia ekseli isiteleze) inayoiruhusu kurudi nyuma, na kwamba boriti hizo mbili zimefungwa pamoja na boriti ya tatu inayopita juu yake, ili difu ikae ndani ya sanduku lililofungwa.

Ukishafanya hivyo na bado ikaruka, weka difu ya tatu katikati, kati ya propela ya mbele na ya nyuma. Modeli ya LEGO ya Land Rover Defender, namba 42110, iliyotoka mwaka 2019 ikiwa na vipande 2,573, ina difu tatu, nawe unaweza kuiga mpangilio huo bila kuinunua.

Fundi Mstaafu, Ngamiani amejibu:

Mwanangu wa Makorora, vitofali ni vya mjukuu wangu, mimi ni mtazamaji tu. Lakini Land Rover hiyo unayoiiga nimelala chini yake kwa zaidi ya miaka thelathini. Kwa heshima zote kwa Mwalimu, sidhani kama tatizo ni fremu. Umeshalijibu swali lako mwenyewe ndani ya maelezo yako, ila hukujisikia.

Gari linaruka meno kwenye zulia, ambako mpira wa tairi unashika. Haliruki kwenye vigae, ambako tairi inateleza, wala haliruki kwenye mchanga, ambao unasogea wenyewe chini ya tairi. Kumbe Raskazone hukulipeleka mahali pagumu. Ulilipeleka mahali panapolisamehe. Halafu ulipoimarisha mbele, ugonjwa ukahamia nyuma. Fundi akiona ugonjwa unahama, anajua kwamba kifaa kinachovunjika hakina hatia, kuna nguvu inayotafuta pa kutokea.

Nguvu hiyo ni hii. Gari likikata kona, magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma, kwa sababu ya nyuma hukata kwa ndani. Difu ya mbele inasuluhisha kushoto na kulia kwa mbele, na difu ya nyuma vivyo hivyo, lakini kati ya mbele na nyuma wewe umeweka propela moja isiyo na msuluhishi. Ya mbele inataka kuzunguka zaidi na ya nyuma inaikatalia, basi propela inajisokota kama kamba mpaka kitu kiachie. Kama unataka ushahidi, kata kona moja kali kwenye zulia, simamisha gari kabla halijaruka meno, kisha linyanyue juu ghafla: utaona magurudumu yanarudi yenyewe kidogo.

Sasa, Series III ya kawaida haikuwa na difu ya katikati. Dereva alitembea kwa magurudumu ya nyuma peke yake siku zote. Akifika kwenye tope alikandamiza kishikio chenye kifundo cha njano, na ekseli ya mbele ikaungana. Mlima ukizidi, alivuta kile chenye kifundo chekundu akapata gia nzito, na hapo ya mbele iliungana pia. Gari lililotoka likiwa na magurudumu manne ya kudumu na difu ya katikati ni Range Rover ya mwaka 1970, na Land Rover za kawaida zilifuata mwaka 1983 kwa ile One Ten. Defender aliyoitaja Mwalimu ni ya ukoo huo. Ukiweka difu ya tatu, gari litatulia, sikatai, lakini halitakuwa tena la mjomba wako.

Ulilolijenga wewe ni Series III ambayo kifundo chake cha njano kimekandamizwa daima. Nimewapokea madereva wengi wa namna hiyo: anashuka milimani wakati wa masika, anafika kwenye lami pale Mombo akiwa amesahau kuachia, na akiingia Tanga usukani umekuwa mzito kama jiwe la kusagia, tairi zimelika, na ukijaribu kuitoa ya mbele haitoki kwa jinsi vyuma vilivyokazana. Tulikuwa tunalirudisha gari nyuma likiwa limekunja, au tunapiga jeki gurudumu moja, tunasikia kishindo kimoja, kisha kishikio kinakuwa laini.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba ikate propela katikati, na uweke kitu cha kuiunganisha na kuiachia. Mjukuu wangu ananionyesha hapa pete inayoteleza kwenye ekseli na kuingia ndani ya gia ya meno 16 yenye tundu la duara. Pete ikiwa mbali, gia inazunguka bure, na ikiingia, gia inashikwa. Iweke gia hiyo kwenye shafti ya nyuma, na gia nyingine ya meno 16 kwenye shafti ya mbele, umbali wa matundu mawili. Na mlango wa bodi uuangalie, bawaba za Series III zilikuwa nje.

Kijana wa Tongoni amejibu:

Shikamoo mzee wangu wa Ngamiani. Naongeza neno moja tu la njia ya tatu. Kama magurudumu ya nyuma nayo yangekunja kinyume cha ya mbele, kwa pembe ileile, ekseli zote mbili zingefuata duara moja na ugomvi wa mbele na nyuma usingekuwepo, hata kwa propela moja isiyo na kitu katikati. Gari la LEGO namba 8880 la mwaka 1994 lilikuwa na magurudumu manne yanayosukuma na manne yanayokunja, pamoja na injini ya V8 na gia nne, na mpaka leo wajenzi hulirudia kama somo. Najua kwamba haliifai Series III, lakini atakayekuja kujenga trekta au winchi ya magurudumu asilisahau.

Halafu ndugu yangu, mchanga wa Raskazone! Fungua difu zote mbili uzioshe kwa maji ya bomba na mswaki, kwa sababu chembe moja iliyobaki kwenye tundu la boriti inaikwangua ekseli kila inapozunguka.

Mwalimu wa Chumbageni amejibu tena:

Shikamoo mzee. Nakiri kwamba nililisoma lile la zulia na vigae nikalipita, nikakimbilia hesabu za mota. Acha basi nilipe deni kwa hesabu inayohusika.

Tuseme magurudumu ya mbele yamekunja kwa wastani wa nyuzi 30. Kwa urefu wa milimita 216, katikati ya ekseli ya nyuma itafuata duara la nusu kipenyo cha milimita 374, na katikati ya ekseli ya mbele duara la milimita 432. Katika robo ya mzunguko tu, ya nyuma husafiri milimita 587 na ya mbele 679, na tofauti yake ni milimita 92 hivi. Mzingo wa tairi yako ni milimita 196. Maana yake ni kwamba kwa kona moja ya kawaida ekseli ya mbele inaidai ya nyuma karibu nusu mzunguko wa gurudumu, na propela ikiwa moja deni hilo halina pa kwenda isipokuwa tairi iteleze au meno yaruke. Hakuna fremu ya plastiki ya kulishinda, na laiti ungefanikiwa kuifanya ngumu kabisa, ungeanza kuvunja krosi, yale maungio ya shafti yanayojikunja.

Kuhusu swali lako dogo, jirani yako amesema kweli. Gurudumu la ndani hufuata duara dogo kuliko la nje, kwa hiyo linapaswa kukunja zaidi: kwa vipimo vyako, na upana wa matundu 13 kati ya magurudumu, la ndani linahitaji kama nyuzi 34 na la nje kama 27. Utaratibu huu ni wa zamani kuliko magari yenyewe; Rudolph Ackermann aliusajilia hataza Uingereza mwaka 1818 kwa niaba ya Georg Lankensperger, aliyekuwa akitengeneza magari ya farasi mjini Munich. Kwa vitofali, fungua mikono ya usukani inayoelekea nyuma na uielekeze kidogo ndani, kiasi kwamba ukichora mstari kutoka ekseli ya kukunjia ukapita kwenye pini ya mkono, mistari ya kushoto na kulia ikutane karibu na katikati ya ekseli ya nyuma. Mara nyingi kusogeza pini kwa nusu tundu kunatosha.

Na jambo moja ambalo hukuuliza. Kama magurudumu ya mbele unayazungusha kwa krosi moja kila upande, ujue kwamba krosi iliyokunja nyuzi 30 haitoi mwendo ulio sawa: shafti ikienda kwa kasi moja, gurudumu litakuwa likipanda hadi asilimia 115 na kushuka hadi 87, mara mbili katika kila mzunguko. Hata baada ya kutenganisha propela, utakapoiunganisha ya mbele na kukunja sana utasikia mtetemo. Usiufukuzie mtetemo huo kwa kuongeza boriti. Punguza kukunja, basi.

Mpwa wa Makorora amejibu:

Shikamoo mzee, na ahsante sana Mwalimu na ndugu yangu wa Tongoni. Naleta habari.

Kwanza nilifanya jaribio la kulinyanyua gari baada ya kona, na kweli gurudumu la mbele la kulia lilirudi lenyewe kama robo mzunguko, mpaka mama akauliza ni nani aliyeligusa. Nilipoitoa propela nikaiweka mezani karibu na boriti iliyonyooka, nikaona kwamba ekseli ya matundu 12 imeshasokotwa. Ule umbo wa msalaba wa upande mmoja haulingani tena na wa upande mwingine.

Pete inayoteleza nilikuwa nayo moja, kwenye fungu la mitumba, na miaka yote nilidhani ni bushi iliyoharibika. Nikafunga gia mbili za meno 16 kama mzee alivyoeleza, nikaiunganisha ya mbele, nikawasha, na magurudumu ya mbele yakaelekea Pangani wakati ya nyuma yanakwenda Horohoro. Nilikaa nusu saa nikiitazama mota kabla sijang'amua kwamba gia mbili za kawaida zikishikana hugeuza mzunguko. Zamani shafti yangu ilikuwa moja, na difu nilizipanga moja meno yake upande wa kushoto na nyingine upande wa kulia. Sasa ikabidi niigeuze ya mbele ili zote mbili zitazame upande mmoja. Naliandika hili kwa ajili ya atakayefuata, kwa sababu kulibomoa gari hadi kwenye difu si kazi ya jioni moja.

Matokeo ni kwamba juu ya zulia, ya mbele ikiwa imeachiwa, gari linakata kona bila kutoa sauti yoyote isipokuwa ya mota. Nikiiunganisha, linaanza kulia palepale kama zamani, na sasa sauti hiyo hainiudhi tena. Kwenye ubao, kwa magurudumu ya nyuma peke yake linafika katikati na kuanza kuteleza. Nikikandamiza kishikio linamalizia. Mikono ya usukani nimeiingiza ndani nusu tundu, na kwa macho yangu la ndani linakunja zaidi, ingawa sina kipima pembe zaidi ya kile cha mdogo wangu wa shule.

Kuhusu springi, naomba radhi mapema: vitofali nilivyo navyo vina springi za mviringo tu, na najua kwamba gari lenyewe lilikuwa na vyuma bapa vilivyopangwa tabaka. Nimezificha nyuma ya tairi.

Limebaki swali moja. Kishikio kimepita kwenye sakafu ya kabini na kinafanya kazi, lakini juu yake nimeweka bushi ya kijivu kwa sababu ya njano sina. Ninayo nyekundu.

Fundi Mstaafu, Ngamiani amejibu:

Marahaba mwanangu. Nyekundu usiiweke hata kidogo, hiyo ni ya gia nzito na bado hujaijenga. Mjukuu wangu anazo bushi tatu za njano na amekubali kutoa moja. Pita baada ya sala ya alasiri, na uje na gari.